Sungura Aliyejikung'uta Mara Tatu

Nyie watatu mnaobaki karakanani mmeniomba niwaachie maandishi ya namna ya kutengeneza wanyama, tena kwa Kiswahili, ili Karin, bosi wenu, asipate nafasi ya kuyasahihisha. Nimekubali kwa sababu zote mbili. Nimestaafu wiki sita sasa. Mikono bado inatafuta sindano kila nikikaa, na mke wangu amenipiga marufuku kuligusa kochi letu, eti siku nikilifungua halitafungwa tena. Basi wacha niandike.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Niliingia karakana ile nikiwa fundi wa vikaragosi, nikatoka nikiwa fundi wa vikaragosi mwenye ufunguo wa stoo. Nitawasimulia siku ya kwanza kidogo, halafu nitawasimulia kazi iliyonitoa jasho kuliko zote, ile ya hadithi za Kibudha. Kabla yake nilidhani nawajua wanyama.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nilikuja Minnesota kijana kusomea uhandisi, nikaishia kushona viti wanavyokalia wahandisi. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa fundi makochi kwenye duka dogo kule Golden Valley: viti vya ofisi, viti vya magari, na mara mojamoja kitambaa cha ndani ya jeneza, ambacho mteja wake hajawahi kurudi kulalamika. Mwenye duka alipozeeka akafunga. Nilikuwa nimeshapita hamsini, na miaka ya 2010 ndiyo kwanza inaanza.

Karin alikuwa mteja wetu wa ajabu. Hakuwahi kuleta kiti. Alikuja kuchukua mabaki ya sponji, anayajaza kwenye gari mpaka hawezi kuona nyuma, anaondoka. Siku za mwisho za duka alinikuta nafunga kitambaa kwa sindano iliyopinda. Akasimama akautazama mkono wangu mpaka nikaona haya, kisha akauliza kama nimewahi kushona mbweha. Nikamwambia sijawahi. Akasema ni kama kochi, ila lina nia.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Januari, theluji imefika magotini, na lile ghala la zamani tunalofanyia kazi lilikuwa na ubaridi wa kugandisha gundi kabla haijagusa kitu. Nilikuja na sindano zangu tatu zilizopinda na subana ya chuma ya kukinga kidole. Karin alinipa kisu cha mkate cha kukatia sponji, cha jikoni kabisa, chenye meno. Mpaka leo sijaona kinachokishinda. Halafu akanipa kopo la vifungo. Vifungo vyake vyote alivinunua kwenye maduka ya mitumba, akivikata kwenye makoti ya watu waliofariki. Alisema vimeshaona mengi.

Akaniwekea mezani kichwa cha punda kisicho na macho, na vifungo viwili, akaniambia nimfanye punda autazame mlango. Nikadhani ni kazi ya dakika tano. Nikashona. Akaja, akainama, akasema punda anatazama jokofu. Nikafumua, nikashona tena. Akasema sasa anatazama mlango lakini hataki kutoka. Mpaka saa kumi jioni nilikuwa nimefumua mara tisa, na tofauti ya mara ya kwanza na ya tisa haikuzidi upana wa punje ya mchele. Ndipo akasema, "Si mbaya." Nilirudi nyumbani Hopkins nimenuna. Ilinichukua miaka miwili kujua kwamba kwa mwanamke yule, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Ng'ombe bora kuliko wote wa baba yake naye aliitwa si mbaya.

Miaka kadhaa baadaye akaja Mama Nzigire. Mmoja wenu ni binti yake mkubwa, kwa hiyo nitapima maneno. Alikuwa fundi cherehani wa Bukavu, amefika na mume na watoto baada ya miaka ya kambi, Mkristo wa kweli, mwanakwaya, na alishona mshono ulionyooka kuliko mstari wa daftari. Kiingereza chake wakati ule kilikuwa kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake, ingawa Kiswahili chake na changu vilikuwa vinapishana njiani. Siku ya kwanza alimtazama mamba niliyekuwa namtengeneza akaniambia (kwao baba ni papa), "Papa Hamisi, ile mamba iko na sura ya mutu mwenye anangojea ofisi ifunguke." Ilikuwa kweli. Nikambadilisha.

Sasa, kazi yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa vuli. Aliingia mzee mmoja mfupi, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, akakaa bila kuvua koti. Aliitwa Mzee Khamphan, Mlao wa kutoka Laos, mtu wa kamati ya hekalu la Kibudha la kusini mwa mji. Alikuwa na karatasi chache ambazo binti yake alimwandikia kwa Kiingereza: hadithi tatu za zamani za wanyama, zile ambazo kwao watoto husimuliwa hekaluni. Kima na mamba. Ndege walionaswa wavuni wakaruka nao wote kwa pamoja. Na sungura. Alitaka tuzifanyie onyesho kwenye shule ya msingi anayosoma mjukuu wake, Mali. Mali alikuwa na miaka minane. Kilao alikielewa lakini akijibu ni Kiingereza, na hadithi za babu yake zilikuwa zinamwishia sikioni. Nilimwelewa mzee yule bila maelezo zaidi. Nina wajukuu Woodbury.

Nikazichukua zile karatasi, nikaisoma ya kwanza, nikacheka kwa sauti. Kima amekaa mtini, mamba anamdanganya apande mgongoni wavuke mto, maana mke wa mamba ana hamu ya moyo wa kima. Katikati ya maji kima anasema moyo wake kauacha mtini. Nikamwambia Mzee Khamphan hiyo ni hadithi ya bibi yangu, ila kwetu ni papa, na anayeumwa ni sultani wa papa. Akasema si kweli, ni ya kwao, na ina umri mkubwa kuliko bibi yangu. Tukabishana kama ndugu wanaogombea kiwanja. Karin, ambaye hakuwa na bibi wa hadithi, alitutazama akatafuna tufaha lake mpaka likaisha, akauliza kama kuna atakayeanza kazi.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ile, kifua mbele. Kima namjua, mamba namjua, na sungura ndiye usiseme. Mtoto gani wa Tabora hamjui sungura? Nilimtengeneza kwa siku nne. Macho nikayapeleka pembeni, yanachungulia. Sikio moja nikalikunja kama anayesikiliza ya chumba cha pili. Mdomo nikaupinda kidogo upande wa kushoto. Nilimpenda sana sungura yule. Nilimweka mezani Mzee Khamphan alipokuja, nikarudi nyuma hatua mbili kusubiri.

Mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Huyu ameiba nini?"

Karin alicheka mpaka akakaa. Mama Nzigire aliniuliza mzee amesema nini, nikamtafsiria kwa shingo upande, naye akasema ndiyo, iko na macho ya mwizi, alitaka kuniambia tangu Jumatatu.

Kosa langu lilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Mzee akanikalisha akanisimulia. Sungura yule aliishi na rafiki zake watatu, kima, mbweha na fisi maji, wakaahidiana kwamba siku fulani kila mmoja atampa chakula mgeni yeyote atakayepita. Fisi maji akapata samaki. Mbweha akapata nyama iliyosahauliwa na mwenyewe. Kima akachuma maembe. Sungura hakuwa na kitu ila majani, na binadamu hali majani. Mgeni akaja, mzee mchovu mwenye njaa, ambaye kumbe ni mungu aliyejigeuza ili kuwapima. Sungura akamwambia awashe moto. Ulipowaka, akaruka ndani yake ili mgeni apate nyama. Lakini moto haukumuunguza, ukawa baridi kama theluji. Yule mungu akaichora sura ya sungura mwezini, na wao mpaka leo wakiutazama mwezi mpevu wanamwona.

Nikamuuliza huyo sungura mjanja wapi. Akasema hana ujanja. Akanieleza kwamba katika hadithi zao, mmoja wa wanyama ni yule yule ambaye baada ya maisha mengi sana atazaliwa mtu, awe Buddha. Mara ni kima, mara tembo, mara ndege, mara sungura. Kwa hiyo kila mnyama ni mtu aliye safarini, na mpumbavu wa hadithi naye yuko safarini, ila amechelewa. Na huwezi kujua nani ni nani. Huyo uliyemshika kwa masikio, akasema, pengine aliwahi kuwa mama yako. Nilikuwa nimemshika sungura kwa masikio. Nikamweka chini taratibu.

Kwa hiyo nikafumua. Sungura wa pili nilimwondolea ujanja wote, macho mbele, masikio sawa. Karin akaja akasema huyu anasubiri basi. Wa tatu nikamtia huzuni, nyusi zimeanguka. Karin akasema huyu anajua kwamba anatazamwa. Wa nne sitamweleza. Yuko kwenye stoo, ndiye yule mnayemwita mwanasiasa.

Wakati huohuo tukapata shida ya pili. Mama Nzigire alikunja kitambaa akanijia na uso mzito. Amesikia kwamba kuna mungu wa kushona. "Mi niko mukristo, papa. Wanyama nitashona. Mungu ya watu, hapana." Nikamwambia hakuna tatizo, nitamshona mimi. Nikarudi kwenye kiti changu, nikakaa kama dakika tatu, nikakumbuka kwamba mimi nami ni Mwislamu, na kwamba kwa jambo hilo la kuchonga miungu kwetu hakuna mzaha. Nikaenda kwa Karin. Karin alikuwa hajaingia kanisani tangu mazishi ya mama yake, nikadhani kwake ni rahisi. Akasema hata yeye angejisikia vibaya kidogo. Tukawa mafundi watatu tumesimama tukiitazama sponji kama inayonuka.

Aliyetutoa pale ni Mzee Khamphan mwenyewe. Alipoambiwa alishangaa. Sungura hakumwona mungu, alisema. Alimwona mzee mwenye njaa. Basi shoneni mzee mwenye njaa. Karin akamshona siku ileile, mtu mchovu mwenye koti kubwa la baridi, aina ya mzee unayemwona kituo cha basi Desemba, na akamtilia koti mifuko ya kweli. Mama Nzigire alimkagua mbele na nyuma, akaridhika kwamba ni binadamu, akamshonea skafu.

Tulipokuwa na wiki tatu mkononi mwalimu mkuu wa ile shule akaja kutazama mazoezi. Kima na mamba aliwapenda. Ndege na wavu alivipigia makofi. Sungura aliporuka motoni akavua miwani. Alikuwa mwanamke mwema na sitaki mumdhanie vingine. Akasema shuleni kwake wapo watoto waliokimbia nyumba zinazowaka. Hawezi kuwakalisha sakafuni wamwangalie mnyama mzuri akijitupa motoni. Akaomba tubadilishe. Akauliza kama sungura hawezi kumpa mgeni saladi.

Mzee Khamphan alifikiri kwanza, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akasema kama sungura atatoa saladi, basi afadhali apumzike nyumbani, na hadithi nyingine mbili ziende bila yeye. Akasema bila hasira, na hapo ndipo nilipoona jambo lenyewe lilivyo zito kwake. Mwalimu akatupa wiki moja ya kufikiri. Onyesho bila sungura lilikuwa fupi mno, na mimi binafsi nilishatumia sungura wanne.

Alipoondoka mwalimu, Mzee hakuondoka. Alienda kukaa kwenye kigoda karibu na cherehani ya Mama Nzigire, kwa sababu pale ndipo penye hita. Akanung'unika kitu peke yake. Cherehani ikasimama. Mama Nzigire akageuka akamjibu. Mzee akavua kofia, mara ya kwanza tangu tumjue.

Walikuwa wanaongea Kifaransa. Mzee Khamphan alisomeshwa na walimu wa Kifaransa alipokuwa mtoto Laos, na Mama Nzigire alisomeshwa Kifaransa Bukavu, na wote wawili walikuwa wamekaa mwezi mzima ndani ya chumba kimoja wakinitumia mimi kama daraja, mimi ambaye kwa Kifaransa najua kusema asante. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Mara wanacheka, mara mama anashika mdomo. Karin aliniuliza wanasema nini, nikamwambia sijui, na nilisikia raha kidogo kumwona naye hajui.

Jioni Mama Nzigire akaniambia. Kwanza, kwamba mzee yule alipofika Amerika alifanya kazi kiwandani, miaka kumi na tisa, kwenye mstari wa kukata batamzinga. Mtu wa hekalu. Mwanzoni alikuwa anamwomba msamaha kila ndege anayepita mbele yake. Mstari ukawa unakimbia kuliko maombi, ikabidi awe anawaomba msamaha kwa makundi. Mama aliponieleza hilo la makundi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema mzee anataka Mali amwone sungura kabla hajamweleza habari ya batamzinga.

Pili, kwamba zile karatasi za Kiingereza zilikuwa na pengo. Binti wa mzee alikuwa amefupisha, na mzee aliponisimulia alizifuata.

"Ile sungura," akaniambia, "mbele ya kuruka kwa moto, alijikung'uta. Mara tatu. Juu viroboto vyenye viko kwa manyoya visikufe. Aliona, mimi najitoa, lakini vile viroboto havikuahidi mutu kitu." Akanitazama. "Alikuwa na pitié na viroboto, huruma, papa. Unaelewa?"

Nilielewa mpaka kwenye vidole. Mimi niliyeshona sungura wanne nilikuwa natafuta sura ya mtu anayekwenda kufa, na hakuna sponji inayoweza kubeba kitu kizito hivyo bila kuchekesha watu au kuwatisha. Kumbe sungura alikuwa na shughuli. Alikuwa anahamisha wapangaji.

Kesho yake nikaingia saa moja asubuhi. Kwenye sanduku langu la zamani nilikuwa na springi ndogo nilizotoa kwenye viti vya magari, kila fundi makochi anazo na hajui kwa nini anazitunza. Nikaanza sungura wa tano, nikaweka moja shingoni, moja kiunoni, nikazifunga kwa uzi wa nailoni uliotiwa nta. Ukivuta kamba sungura anatetemeka kuanzia kichwani mpaka mkiani, kama mbwa aliyetoka kuoga. Mama Nzigire akashona viroboto vitatu. Alitumia vifungo vidogo vya mikono ya mashati, akavipa miguu ya waya, na kila kimoja akakishonea mzigo mgongoni, kifurushi cha kitambaa ukubwa wa punje ya harage, maana alisema mtu akihamishwa ghafla lazima abebe kitu. Mimi nisingeliwaza hilo. Karin akavitundika kwenye nyuzi ili virukie majanini kimoja kimoja.

Macho yalikuja yenyewe. Niliwaza tu anachotazama. Anatazama manyoya yake kuona kama viroboto vyote vimeshuka, halafu anamtazama mgeni. Moto hautazami hata kidogo. Nikachagua vifungo viwili vya kahawia, nikavishona mbele, chini kidogo ya nilivyozoea. Karin alikuja akainama akamtazama. Hakusema hata si mbaya. Alikwenda kuosha vikombe, na Karin haoshi vikombe.

Mwalimu mkuu tulimwita tena. Alicheka kwa viroboto, kisha akasema bado ana wasiwasi na moto. Mama Nzigire aliniomba nitafsiri, akasimama. Alimwambia kwamba yeye ni mzazi shuleni pale, na kwamba mtoto wake ni mmoja wa hao waliokimbia nyumba inayowaka. Mwalimu akasema anajua.

"Mutoto yangu anajua moto tayari," akasema Mama Nzigire. "Kile hajue ni kama mutu anaweza kuwa na pitié hata na kiroboto."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mwalimu mkuu akavaa miwani yake. Akasema tufanye kwa madarasa mawili kwanza, wazazi wakaribishwe, na kama mtoto yeyote akifadhaika tusimamishe. Tukakubali.

Siku ya onyesho tuliweka jukwaa letu kwenye maktaba ya shule, asubuhi, theluji inadondoka nje ya madirisha. Watoto kama hamsini sakafuni. Mama Nzigire alikaa kiti cha nyuma, karibu na binti yake mdogo. Mzee Khamphan alivaa tai. Mali alikuwa mstari wa mbele, na alimpungia babu yake mkono kwa chini, kwa namna ya mtoto asiyetaka wenzake waone.

Kima alimdanganya mamba, wakashangilia. Ndege waliruka na wavu, wakashangilia. Akaja sungura. Mgeni akaketi na koti lake, moto ukawashwa, ambao ulikuwa vitambaa vyekundu vya hariri na feni chini yake. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika kamba. Kupitia tundu nilimwona binti wa Mama Nzigire amemsogelea mama yake na kumshika mkono.

Sungura akasogea, akasimama. Akajikung'uta. Kiroboto cha kwanza kikaruka na mzigo wake, kikaanguka majanini. Watoto walicheka kicheko cha kwanza, cha mshangao. Akajikung'uta tena, kikaruka cha pili, na sasa walicheka wote. Cha tatu kilikataa. Sikupanga hivyo, waya ulikuwa umenasa kwenye manyoya. Nilivuta kamba, sungura akatetemeka mpaka masikio yakapigana, kiroboto kimeng'ang'ania. Watoto wakaanza kukiambia kitoke, kwa Kiingereza, na wengine kwa lugha zao. Nikasikia kwa Kiswahili, sauti ya binti wa Mama Nzigire, "Shuka, shuka, atakungoja." Kikashuka.

Sungura akakagua manyoya yake. Akamtazama mgeni. Akaruka.

Watoto wa mbele wakainuka magotini. Kisha Karin akageuza vitambaa, vyekundu vikawa vyeupe, feni ikavipeperusha kama theluji ya nje, na sungura akaketi katikati yake, mzima, anajishangaa. Mtoto mmoja akasema ni theluji tu. Wakapumua wote pamoja. Yule binti hakuachia mkono wa mama yake, lakini alikuwa anacheka.

Baada ya onyesho huwa tunawaacha waulize. Nilijiandaa kwa maswali ya moto. Hakuna aliyeuliza moto. Waliuliza viroboto vimekwenda kuishi wapi. Ndipo Mali akanyanyua mkono na kumwuliza babu yake, kwa Kiingereza, mbele ya watu wote: sasa yule mzee alikula nini?

Mzee Khamphan akalegeza tai. Akasema kwa unyonge kwamba ameijua hadithi hii zaidi ya miaka sitini na hajawahi kujiuliza. Sungura hakupikwa. Samaki, nyama na maembe hadithi haisemi kama viliguswa. Mgeni alikuja na njaa, akaondoka kuchora mwezi, na hakuna aliyemwona akitia kitu mdomoni.

Mali alimtazama kikaragosi wa mgeni, ambaye bado alikuwa ameketi jukwaani na skafu yake. Akaenda kwenye begi lake, akarudi na biskuti, akamtia mfukoni mwa koti. Mwingine akaleta karoti. Mwalimu wa darasa alitaka kuwazuia, mwalimu mkuu akamshika bega. Wakapanga foleni, vipande vya jibini, zabibu, nusu ya ndizi, mpaka mifuko ikafurika na koti likaanza kulegea upande mmoja.

Mali alirudi mara ya pili na biskuti nyingine. Safari hii alimpita mgeni, akaenda kwa babu yake, akamwambia neno moja kwa Kilao. Sikulielewa, na Mzee hakunitafsiria. Aliipokea kwa mikono miwili akaila palepale, tai na yote, makombo yakimwangukia, na Mali amesimama mbele yake kuhakikisha inaisha.

Onyesho lile tumelifanya majira ya baridi manne, na kila shule wanamlisha mgeni; hatujawahi kuwaambia wafanye hivyo. Basi neno langu la mwisho kwenu ni la kazi. Kila mkirudi karakanani, mfungueni mifuko yake kabla hamjamtundika, mtoe ndizi kwanza. Ikibaki jibini kavu iacheni kwenye kona ya nyuma ya stoo. Kuna panya pale, mwembamba, ana sikio moja limekatika, na Mzee Khamphan akija huwa anauliza habari zake.